Rekebisha Pale Ulipokwama

Kijana anayejifunza kuandika programu Nairobi hakosi kupewa ushauri huu: anza na nyaraka, yaani maelezo ya kutumia programu. Atausikia kwenye madarasa ya Ngong Road, atausikia Juja akiwa mwaka wa pili, atausikia kwenye vikao vya Jumamosi ambako soda na mandazi ni vya bure na kila mzungumzaji ana stika za kugawa. Hujaweza bado kuandika msimbo mzito? Basi chagua mradi wa programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, fungua maelezo yake, tafuta neno lililoandikwa vibaya, lirekebishe, peleka ombi la badiliko, lile ambalo wenyewe huliita PR. Likikubaliwa, jina lako linaingia kwenye orodha ya waliochangia na kijisanduku kimoja cha kijani kinaongezeka kwenye ukurasa wako wa GitHub, tovuti ambako miradi hiyo huhifadhiwa. Mwajiri akipita hapo ataona wewe ni mtu wa kazi.

Nusu ya ushauri huo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowachosha watunzaji wa miradi. Rekebisho dogo la nyaraka lina thamani likitoka kwa mtu aliyekuwa akiitumia programu kwa shida yake mwenyewe, akafuata maelezo hatua kwa hatua, akakwama. Likitoka kwa mtu anayewinda kosa lolote ili apate pa kuweka jina, ni kazi ya ziada kwa mwenye mradi, na siku hizi ni kazi inayoweza kufanywa na mashine bila kumhitaji mtu huyo kabisa.

Kwamba nyaraka za programu huria zina mapengo, hakuna anayebisha. Mwaka 2017 GitHub walifanya uchunguzi miongoni mwa watumiaji na wachangiaji wa programu hizo. Asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalolishuhudia. Asilimia 60 ya wachangiaji wakasema huzigusa nyaraka kwa nadra au hawazigusi kamwe. Rahisi kusema ni uvivu. Mimi naona sababu kubwa ni nyingine: anayeijua programu kiasi cha kuiandikia mwongozo ndiye yule yule asiyeweza tena kuona mwongozo umepungukiwa wapi. Hatua mbili anazozifanya bila kufikiri hazimo kwenye maandishi, kwa kuwa kwake hizo si hatua. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na sijui mahali methali hiyo inapokaa vizuri kuliko hapa. Mgeni wa mradi ana kitu ambacho mwenyeji amekipoteza, na hatakuwa nacho muda mrefu. Wiki ya pili atakuwa ameshazoea kuiruka ile hatua isiyoandikwa, na wiki ya tatu atamshangaa mwenzake anayekwama hapo.

Chukua jambo ambalo karibu kila msanidi wa mji huu ameligusa au ataligusa: kuunganisha malipo ya M-Pesa kwenye tovuti. Safaricom ina mfumo uitwao Daraja kwa kazi hiyo, na juu ya Daraja watu binafsi wamejenga maktaba huria nyingi, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumika, za PHP, za Python, za JavaScript, ili mwenzao asianze upya. Nyingi ni kazi ya mtu mmoja aliyeiandika kwa ajili ya kibarua fulani, akaiweka wazi, akaendelea na maisha yake. Maelezo ya maktaba ya aina hiyo yanaweza kukuambia uandike nambari ya mteja ikianza na 2547. Yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Lakini tangu 2019 Kenya ina nambari za simu zinazoanza na 01, na zikiandikwa kwa mtindo wa kimataifa zinaanza na 2541. Kijana aliyenakili kutoka kwenye maelezo hayo kile kipande cha kukagua nambari atajaribu tovuti yake kwa laini yake ya 07, itafanya kazi, atamkabidhi mwenye duka. Mteja wa kwanza mwenye laini ya 0110 ataambiwa nambari yake si halali. Hataandika barua ya malalamiko, atanunua kwingine.

Rekebisho la hapo ni la mstari mmoja: baada ya 254, kubali 7 au 1. Hakuna kikagua tahajia kitakacholiona, kwa sababu hakuna herufi iliyokosewa. Mtunzaji aliye Berlin au Bangalore hawezi kuliota. Linahitaji mtu ambaye mama yake, au mpangaji wa chumba cha pili, ana laini ya 01.

Kwenye njia hiyo hiyo kuna mtego mwingine. Nywila inayotumwa na ombi la malipo hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya biashara, ufunguo wa siri na muhuri wa muda (tarehe na saa hadi sekunde) wenye tarakimu 14, kisha vyote vikageuzwa kuwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Muhuri wa muda uliomo ndani ya nywila lazima uwe ule ule unaotumwa peke yake kwenye ombi hilo. Maelezo yakinyamaza juu ya hilo, anayeanza atauzalisha mara mbili, kila mmoja kwenye mstari wake. Mara nyingi itapita, kwa kuwa mistari yote miwili huendeshwa ndani ya sekunde moja. Siku sekunde itakapogeuka katikati yake, ombi litakataliwa, na akijaribu tena litakubaliwa. Hakuna kosa linalomla mtu usiku kama lile linalokuja na kutoweka. Sentensi moja kwenye maelezo, "zalisha muhuri wa muda mara moja, utumie mahali pote pawili", ingemrudishia mtu Ijumaa yake.

Kisha kuna suala la bando, ambalo waandishi wengi wa miongozo hawajawahi kulifikiria. Mwongozo unasema "endesha amri hii" na kuendelea na hatua inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, kumbe amri hiyo inapakua taswira ya Docker, kifurushi chenye programu na kila inachohitaji, yenye ukubwa wa gigabaiti moja au mbili. Aliye kwenye mtandao wa ofisi hata haoni. Aliye kwenye bando la simu chumbani Rongai anaona ujumbe wa kwamba data imekwisha. Kuongeza neno la tahadhari kuhusu ukubwa wa upakuaji ni rekebisho halali kabisa la nyaraka. Vivyo hivyo kuongeza kwamba anayetaka kuangalia tu msimbo wa sasa anaweza kunakili mradi kwa amri ya git clone na kuweka --depth 1, asipakue historia yote. Kwa mradi mkubwa kama kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux, historia nzima ni gigabaiti kadhaa. Nakala ya sasa pekee ni sehemu ndogo ya hiyo. Sijaona mtunzaji mwenye akili timamu akikataa sentensi kama hiyo.

Na ujuzi wa mahali haukomei kwenye simu na bando. Kompyuta na simu nyingi duniani hupata saa zake kutoka hifadhidata moja ya kanda za saa, na ndani yake kuna Africa/Nairobi. Historia ya saa zetu ina vituko: katika sehemu ya enzi ya ukoloni tulikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na baadaye kwa muda kwa saa mbili na dakika 45. Maelezo hayo yalisahihishwa miaka ya karibuni baada ya mtu kupekua magazeti rasmi ya serikali ya wakati huo, likiwemo la mwaka 1908. Nani mwingine ana sababu ya kusoma gazeti la serikali la 1908? Lakini alisoma, akaonyesha alikosoma, na sasa rekodi ni bora zaidi.

Sasa tuje kwa watunzaji, maana upande wao hausikiki sana kwenye vikao vya Jumamosi. Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014, kampeni ya kuwahimiza watu kuchangia programu huria kila Oktoba. Kufikia 2020, maombi manne yalitosha kukupa fulana. Siku ya kwanza tu ya Oktoba mwaka huo miradi ilifurikiwa: watu waliongeza neno la sifa kwenye kichwa cha faili la README, lile la utangulizi wa mradi, wakahamisha koma, wakaita ni uboreshaji wa nyaraka. Watunzaji waliamka wakakuta kazi ya kufunga maombi badala ya kazi yao. Siku chache baadaye waandaaji walibadilisha kanuni, ikawa ni miradi iliyojitolea kushiriki pekee inayohesabiwa. Mapema 2024 mradi wa Express, maktaba ya JavaScript ya kujengea tovuti, ulipatwa na jambo kama hilo: video ya mafunzo ilitumia README yake kuonyesha jinsi ya kutuma ombi, na wanafunzi wengi wakafuata kwa uaminifu, kila mmoja akiongeza jina lake. Sina hasira na wanafunzi hao. Walifanya walichoonyeshwa. Mwalimu ndiye alipaswa kufungua mradi wake mwenyewe wa mazoezi.

Halafu likaja la xz, ambalo lilibadilisha namna watunzaji wanavyomtazama mgeni. Xz ni programu ya kubana mafaili, imo kwenye mifumo mingi sana ya Linux, na ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Oktoba 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alituma badiliko dogo lisilo na madhara yoyote, faili la mipangilio ya kihariri. Akafuatisha mengine yaliyosaidia kweli. Akavumilia, akaaminiwa, hadi akawa na mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yalitoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake. Aliyeufichua, mwishoni mwa Machi, ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na hakukubali kuliacha hivyo. Kwa hiyo wanaosema mabadiliko madogo ni ngazi ya kuaminiwa wanasema kweli. Hata mwizi aliipanda.

Juu ya hayo, akili bandia. Leo mtu anaweza kuipa mashine nyaraka zote za mradi na kupata marekebisho mia ya sarufi kabla chai haijapoa. Daniel Stenberg, Mswidi anayeongoza mradi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, alianza mwanzoni mwa 2024 kulalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na mashine: ndefu, zenye adabu, zisizo na kitu ndani. Basi jiweke kwenye kiti cha mtunzaji. Ombi la kurekebisha herufi moja kutoka kwa mtu asiyemjua linaweza kuwa la mwanafunzi anayetafuta kijisanduku, au la mashine, au la mtu anayejenga imani kwa nia mbaya. Uwezekano wa nne, kwamba huyu ni mtumiaji aliyekwama kweli, inabidi ujionyeshe wenyewe.

Unajionyesha kwenye maelezo ya ombi kuliko kwenye badiliko lenyewe. Andika ulikuwa ukifanya nini, toleo gani, hatua ipi ya mwongozo, ujumbe gani wa kosa ulitokea, neno kwa neno kama ulivyotoka kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na ulipobadilisha hivi ikawaje. Mistari mitano inatosha. Jambo moja kwa ombi moja. Mtunzaji akisoma "laini za 01 zilianza kutolewa Kenya 2019, mfano wenu unazikataa, nimeujaribu mpya kwa nambari za aina zote mbili", hana haja ya kujiuliza wewe ni nani.

Upande wa ufundi ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye GitHub unabonyeza alama ya penseli juu ya faili, mfumo unakutengenezea nakala yako ya mradi, unaandika ndani ya kivinjari, unatuma. Inawezekana kwa simu, ukiwa ndani ya matatu iliyosimama Thika Road. Penye kuhitaji umakini ni kabla ya hapo. Kurasa nyingi za maelezo huzalishwa na programu kutoka kwenye maoni yaliyo ndani ya msimbo, na ukirekebisha ukurasa uliozalishwa, badiliko lako litafutwa mara utakapozalishwa tena. Lazima uende kwenye chanzo. Hakikisha pia husomi nyaraka za toleo la zamani, na kwamba hakuna aliyekutangulia kutuma lile lile. Soma faili la CONTRIBUTING, lenye kanuni za kuchangia, maana kila nyumba ina desturi zake: kiini cha Linux, kwa mfano, hupokea mabadiliko kwa barua pepe na hutaka kila moja liwe na mstari wa sahihi yako.

Na tafadhali, tuache kusahihisha Kiingereza cha Marekani. Sisi tuliofunzwa cha Uingereza tangu darasa la kwanza tunaona color ikikosa u na mkono unawasha. Hilo si kosa, ni uamuzi wa mradi.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Kwa nini kijana wa Nairobi asiye na kazi atoe jioni zake bure kwa programu ambazo makampuni tajiri yanazitumia kuchuma mabilioni? Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ilitokana na watu waliokuwa wakiweka kazi zao humo bila kulipwa na yeyote. Ndiyo maana sipendi ule ushauri wa kutafuta: unamtuma mtu akafanye kibarua cha bure asichokihitaji. Aliyekwama tayari amelipa gharama. Nusu siku imekwenda, bando limekwenda, jawabu amelipata. Kuliandika ni dakika ishirini juu ya hapo, na anayefuata atalipa kidogo kuliko yeye. Pale ambapo nyaraka ni za kampuni inayouza huduma iliyofungwa, sina huruma: piga simu kwa huduma kwa wateja, na kampuni yenyewe iajiri mwandishi.

Tukumbuke pia kwamba si kila mara sisi ndio wageni. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za afya, ilianza 2004, ikakua kutokana na kazi ya Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, na juu yake imejengwa KenyaEMR inayotunza rekodi za wagonjwa kwenye vituo vya afya nchini. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliandikwa mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake uko wazi hadi leo. Miradi kama hii ina wageni wake: fundi wa kompyuta wa kituo cha afya Lodwar anayesakinisha mfumo huku stima ikikatika. Akituma ombi lenye Kiingereza cha kujikongoja lakini lenye habari sahihi ya kinachotokea umeme ukipotea katikati ya usakinishaji, mtunzaji aliyeko Kilimani, Nairobi, anapaswa kulikubali na kunyoosha sarufi mwenyewe.

Waajiri nao wana sehemu yao. Tangazo la kazi likiomba kiungo cha GitHub na anayesaili akaishia kuhesabu vijisanduku vya kijani, amewafundisha vijana kuhamisha koma. Angefungua ombi moja tu, lolote, akasoma mazungumzo yaliyomo. Humo ataona kama mwombaji anaweza kueleza tatizo, kama alisikia alipoambiwa abadilishe, kama alimkasirikia mtunzaji au alimwelewa. Usaili mwingi wa ubaoni hauonyeshi hayo. Na kampuni ambayo bidhaa yake yote imesimama juu ya maktaba za bure ingeweza kuwaruhusu wafanyakazi wake watumie saa za kazi kurudisha marekebisho kule yalikotakiwa kuwa, badala ya kuyaficha kwenye ukurasa wa ndani unaosomwa na watu wanane.

Litakalomuudhi anayeanza ni ukimya zaidi ya kukataliwa. Ombi linaweza kukaa miezi bila jibu, hasa kwenye zile maktaba za mtu mmoja. Baada ya wiki mbili tatu uliza mara moja, kwa upole, kisha endelea na yako. Mradi uliotelekezwa haufufuliwi kwa rekebisho la mstari mmoja. Ila usilifute ombi. Liache pale na ule ujumbe wa kosa ulionakiliwa kama ulivyo, kwa sababu mwenye shida kama yako atauchukua ujumbe huo huo na kuutafuta kwenye intaneti, na huenda akafika kwenye maelezo yako kabla hajafika kwenye yale rasmi.